Jeki ya Tani 2 Kuwa Mashine ya Kupimia Nozeli za Dizeli: Shajara ya Mradi, Ifakara

Tarehe 4 Machi

Mama mmoja anayesafirisha mchele ameleta Hilux yake yenye injini ya Toyota aina ya 3L, cc 2,779, akilalamika kwamba asubuhi inagonga kama inayopondwa kwa nyundo, na kwamba ikibeba gunia kumi na tano inaacha moshi mweusi hadi abiria wa pikipiki nyuma yake wanafunga macho. Nimeiwasha ikiwa baridi, kisha nikalegeza nati za mabomba ya nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli vya kila silinda, moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa, ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta. Nilipolegeza ya kwanza, ya pili na ya nne mlio ulibadilika na injini ikayumba. Nilipolegeza ya tatu hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo nozeli ya tatu haifanyi kazi yake, na hizo nyingine sijui hali yake kwa sababu sina cha kuzipimia.

Fundi pampu mwenye mashine ya kupimia yuko Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na masika yameanza. Nimewahi kutuma nozeli kwa basi zikiwa zimefungwa ndani ya soksi. Zilirudi baada ya wiki moja na neno moja tu, "zimepimwa", bila namba hata moja ya kuonyesha zilikuwa na shinikizo gani kabla na zina shinikizo gani sasa. Ndiyo maana leo nimeamua kutengeneza kipimo changu mwenyewe, na kuandika humu kila hatua pamoja na makosa yake.

Mahitaji si mengi: pampu ya mkono inayofika walau bar 200, geji, bomba la shinikizo kubwa, na valvu ya kushikilia mafuta yasirudi. Nadhani pampu ndiyo itakayonisumbua kuliko vyote.

Tarehe 7 Machi

Nimeanza na kilichokuwa karibu, yaani pampu chakavu ya dizeli iliyotoka kwenye injini ya silinda moja ya mashine ya kusaga. Niliifunga kwenye jiliwa, nikaiwekea mkono wa kubonyeza plunja, yaani pistoni yake nyembamba, nikaunganisha geji. Shinikizo linapanda, lakini kila ninapoachia mkono mshale unaanguka ghafla kabla ya kutulia, na nikibonyeza tena unaruka juu. Kwa muda nilidhani kuna hewa ndani, nikatoa hewa mara nne bila mafanikio.

Sababu niliiona nilipofungua valvu ya kupeleka mafuta na kuitazama kwa makini. Valvu hiyo ina kola ndogo iliyotengenezwa makusudi ili inapofunga ivute mafuta kidogo kutoka kwenye bomba, nozeli ifunge kwa ukali na isidondoshe. Jambo hilo ni jema kwenye injini inayozunguka, lakini kwenye kipimo cha mkono ni ugonjwa, kwa kuwa hunyang'anya sehemu ya shinikizo nililokwisha kujaza. Ningeweza kuisaga kola hiyo, ila plunja yenyewe husukuma mafuta kidogo mno kwa kila pigo. Nimeiacha pampu, lakini sijaitupa; plunja na silinda yake bado zinang'aa kama kioo.

Tarehe 11 Machi

Jeki ya chupa ya tani 2. Nimeifungua na kuipima kwa kalipa: pistoni kubwa ina kipenyo cha milimita 25, yaani eneo la sentimita za mraba 4.91. Tani 2 zikigawanywa kwa eneo hilo ni takriban kilo 407 kwa sentimita ya mraba, sawa na bar 400 hivi. Nozeli za 3L hufunguka karibu na 120, kwa hiyo jeki hii haitafika hata theluthi moja ya nguvu iliyoundiwa. Pistoni ndogo ya kupampu ina milimita 10. Ili kufika kilo 120 kwa sentimita ya mraba inahitaji kusukumwa kwa kilo 94, na kwa mkono wa sentimita 36 ulio na pini sentimita 3 kutoka kwenye pistoni, mkono wangu utabeba chini ya kilo 8. Kijana ninayemfundisha kazi anaweza kuipampu siku nzima.

Mpango ni huu: nitatoboa kitako cha jeki hadi nikutane na njia ya mafuta iliyo chini ya pistoni kubwa, nitatoa mafuta kupitia hapo, na pistoni kubwa yenyewe nitaizuia kwa fremu ili isipande.

Tarehe 13 Machi

Nimetoboa. Kabla ya kugusa drili nilipitisha waya mwembamba ndani ya njia za mafuta, nikachora kitako kwenye karatasi kwa vipimo halisi, kwa sababu ukikosea milimita tatu unatokea kwenye njia ya kurudishia mafuta na jeki imekwisha. Kisha nikakata hesi kwa tapu. Kuosha kulichukua muda mrefu kuliko kutoboa: petroli, upepo wa kompresa, petroli tena, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Unyoya mmoja wa chuma ukifika kwenye sindano ya nozeli, utakwangua uso ambao hakuna msasa wowote katika karakana hii unaoweza kuurekebisha.

Tarehe 16 Machi

Nimekwenda kwa mzee anayekereza vyuma nyuma ya soko. Nilimwamkia, nikamwonyesha mchoro wa kipande cha chuma cha mraba chenye matundu manne: la kuingia mafuta, la geji, la bomba la nozeli, na la skurubu ya kufunga njia ya geji. Akauliza, "Matundu ya ndani milimita ngapi?" Nilisema sita. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, unataka kuhifadhi mafuta au kuyasukuma? Weka tatu." Niliweka tatu bila kuuliza zaidi, na baada ya wiki moja nilielewa alichokuwa akisema.

Bomba ni la Hilux nyingine iliyokwisha kufa, la nje milimita 6, lenye nati zake za asili. Kila kiungo kina washa ya shaba niliyoichoma moto ikawa nyekundu na kuizamisha majini ili ilainike. Geji imetoka kwenye duka la vipuri hapa mjini, ya bar 0 hadi 400, uso mkubwa, bei ndogo.

Tarehe 18 Machi

Leo kimepata shinikizo kwa mara ya kwanza. Niliweka jeki ndani ya fremu ya presi yetu ya zamani ya kung'olea beringi, ambayo imechomelewa kwa vyuma vya pembe, na kwa kuwa fremu ni ndefu pistoni ilipanda sentimita 8 kabla ya kugota juu. Nikafunga nozeli ya pili, nikapampu. Mshale ulipanda polepole kama unaosita, mkono ukawa laini kama unaobonyeza tairi, kisha nozeli ikamwaga mafuta kwa mkondo mrefu wa uvivu, bila ukungu na bila sauti.

Nozeli ya pini inayofanya kazi hukoroma: sindano yake hufunguka na kufunga mara nyingi kwa haraka unapopampu taratibu, na kila mara hutoa ukungu mfupi mkali. Nilikuwa tayari kuihukumu nozeli hiyo kuwa mbovu. Ila nozeli ya nne nayo ilifanya vivyo hivyo, na ya kwanza pia, na si kawaida nozeli tatu kufa kifo kimoja siku moja.

Tarehe 19 Machi

Kabla ya yote, tahadhari ambayo ningeiandika mwanzoni kama ningekuwa na akili. Jana jioni bomba lilitoa tundu jembamba kwenye kona liliponyooshwa. Sikuliona, niliona tu mshale unashuka na nikahisi harufu. Kijana alinyoosha kidole kutafuta panapovuja, nikampiga mkono. Mafuta yanayotoka kwa shinikizo la zaidi ya bar 100 kupitia tundu la namna hiyo huingia ndani ya ngozi kama sindano ya daktari. Jeraha huonekana dogo kama la kuumwa na mdudu, huenda lisiume saa za mwanzo, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono akisubiri hadi kesho. Ni la kupelekwa hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa shinikizo. Kuanzia leo panapovuja panatafutwa kwa kipande cha boksi, nozeli inanyunyizia ndani ya chupa pana ya plastiki iliyokatwa na kufunikwa, miwani inavaliwa, na hakuna anayechomelea wala kuvuta sigara upande huu wa karakana, kwa kuwa ukungu wa dizeli hushika moto kwa urahisi kuliko dizeli iliyo ndooni.

Bomba limebadilishwa.

Tarehe 23 Machi

Nimekaa na kalamu siku tatu kabla ya kugusa spana, na jibu lilikuwa kwenye ujazo. Tunasema mafuta hayabonyei, na kwa kazi za breki usemi huo unatosha, lakini dizeli kwa bar 120 hupungua takriban asilimia 0.8. Chini ya pistoni yangu iliyopanda sentimita 8 kulikuwa na sentimita za ujazo 39 za mafuta, ambazo kwa shinikizo hilo hujibana kwa karibu theluthi moja ya sentimita ya ujazo. Juu ya hilo ikaongezeka fremu. Kwa bar 120 pistoni husukuma kwa takriban kilo 600, na nilipoweka rula niliona chuma cha juu kinapinda milimita moja na nusu. Milimita moja na nusu mara eneo la pistoni ni robo tatu ya sentimita ya ujazo. Kwa hiyo nilikuwa na zaidi ya sentimita moja ya ujazo ya mafuta iliyosubiri kama springi. Nozeli ikifunguka, springi hiyo inaendelea kusukuma, shinikizo halishuki upesi, na sindano haipati nafasi ya kufunga ili ikorome. Nozeli hazikuwa na kosa.

Nimetengeneza fremu mpya fupi: bamba mbili za unene wa milimita 20, boliti nne za M16 zilizoikumbatia jeki, na pistoni imeshushwa hadi chini kabisa, ikiwa imegota kabla ya kupampu mara ya kwanza. Mafuta yaliyobaki ndani ya mfumo hayajai hata kifuniko cha chupa ya soda. Leo mchana nozeli ya pili ilikoroma. Kijana aliyekuwa nje akikoroga sabuni alikimbilia ndani akidhani kuna kitu kimekatika.

Nimeona pia kazi ya ile skurubu ya kufunga njia ya geji. Geji ina mrija uliopinda ambao hunyooka kidogo shinikizo linapopanda, nao ni springi nyingine. Wakati wa kusoma shinikizo la kufungukia, njia ya geji iwe wazi. Wakati wa kutazama ukungu na kusikiliza mkoromo, ifungwe, na tofauti inasikika kwa sikio.

Tarehe 25 Machi

Kipimo chenyewe kinavuja kwa ndani. Nimeziba bomba kwa gololi ya chuma chini ya nati, nikapandisha hadi bar 150, nikatazama saa: baada ya dakika moja kilikuwa 90. Kwa hali hiyo siwezi kusema nozeli inadondosha au ni mimi ninayedondosha. Kosa lilikuwa kwenye skurubu ya kushushia jeki, ambapo gololi ndogo hukalia kiti kilichochakaa. Niliweka gololi mpya, nikaigonga mara moja kwa fimbo ya shaba ili ijitengenezee kiti, nikaitoa, nikaweka nyingine mpya isiyogongwa. Sasa kutoka 150 hushuka hadi 147 kwa dakika moja, nami nimeridhika.

Tarehe 27 Machi

Nimepima nozeli nne za Hilux. Ya kwanza ilifunguka kwa bar 98, ya pili 101, ya tatu 84 huku ikidondosha tone baada ya tone, ya nne 96. Kitabu cha ufundi kinataka nozeli iliyokwisha kutumika ifunguke kati ya kilo 105 na 125 kwa sentimita ya mraba, ambazo ni bar 103 hadi 123. Mpya ianzie kilo 115. Kinataka pia nozeli ikishikiliwa kwa kilo 10 hadi 20 chini ya shinikizo lake la kufungukia isidondoshe kwa sekunde 10. Ya tatu nimeiwekea kichwa kipya. Zote nimeziongezea shimu, yaani vibamba vyembamba vinavyokaza springi ya ndani, mpaka zikasoma kati ya bar 108 na 112, na katika kazi hiyo nikagundua kwamba kwenye nozeli hizi shimu ya milimita 0.05 huongeza takriban bar 6. Ambapo sikuwa na unene niliotaka, nilichukua shimu nene nikaisaga kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo, nikiipima kwa mikromita kila baada ya mizunguko kumi. Washa za chini nimeweka mpya.

Tarehe 29 Machi

Moshi mweusi umepungua, na silinda ya tatu sasa inafanya kazi. Lakini asubuhi bado inagonga. Mama alisikiliza, akasema, "Fundi, umeitibu nusu." Sikuwa na jibu, nikamwomba aniachie gari kwa siku kumi, naye akakubali kwa sharti kwamba nisimtoze tena.

Tarehe 2 Aprili

Nilitafuta kosa kwenye taimingi ya pampu, kwenye valvu, kwenye plagi za kupasha joto. Usiku wa leo nimeisoma geji yenyewe, si mshale bali maandishi madogo chini ya mshale: 2.5. Hiyo ndiyo daraja ya usahihi, nayo huhesabiwa kwa asilimia ya mwisho wa kipimo, si ya unachosoma. Asilimia 2.5 ya 400 ni bar 10. Geji hii, hata ikiwa nzima kabisa, inaruhusiwa kudanganya bar 10 juu au bar 10 chini popote ilipo. Nafasi yote ninayopewa na kitabu, kutoka kikomo cha chini hadi cha juu, ni bar 20. Nimehangaika na fremu, gololi na washa kwa mwezi mzima, na kitu pekee ambacho sikukipima ni kile nilichokuwa nikikiamini.

Tarehe 5 Aprili

Ile pampu chakavu imepata kazi. Plunja yake ina kipenyo cha milimita 8.00 kwa mikromita, yaani eneo la sentimita za mraba 0.503, na imekaa ndani ya silinda yake kwa usahihi ambao mimi siwezi kuutengeneza. Nimeifunga silinda hiyo kichwa chini juu ya kipande cha chuma cha matundu, plunja ikitokea juu, na juu ya plunja nikatundika kitanda cha nondo kinachoning'inia chini ya meza ili mzigo usiyumbe. Juu ya kitanda niliweka mfuko wa saruji. Mfuko umeandikwa kilo 50, lakini niliupeleka kwenye mizani ya duka la mpunga yenye stika ya Wakala wa Vipimo, ukawa kilo 49.6, kitanda na kamba zake kilo 4.4. Jumla ni kilo 54, zinazokaa juu ya eneo la 0.503: kilo 107.4 kwa sentimita ya mraba, sawa na bar 105. Hesabu hii haimtegemei muuza geji.

Plunja ina mfereji na matundu ya pembeni, kwa hiyo haiwezi kuzungushwa mzunguko mzima kama inavyopaswa ili msuguano uondoke; mfereji ukifika kwenye tundu mafuta yote yanatoka na saruji inashuka kwa kishindo, jambo nililojifunza mara moja tu. Niliitikisa kidogo kulia na kushoto wakati kijana akipampu. Mfuko ulipoinuka na kuelea, ukipanda na kushuka milimita mbili kwa kugusa mkono, geji ilisoma 115. Tulirudia mara tano. Ilisoma 115 mara nne na 114 mara moja.

Kwa hiyo nozeli nilizozifunga kwa 108 hadi 112 zilikuwa, kwa kweli, kati ya 98 na 102, zote nne chini ya kikomo. Nozeli inayofunguka kwa shinikizo dogo hufunguka mapema na kwa matone makubwa, na injini ya dizeli iliyo baridi ikipewa mafuta mapema hugonga. Mama alikuwa sahihi: nilikuwa nimeitibu nusu.

Tarehe 9 Aprili

Geji mpya imefika kutoka Gerezani, Dar es Salaam: bar 0 hadi 250, yenye gliserini ndani, daraja 1.6, ambayo ni bar 4. Chini ya mfuko ule ule wa saruji ilisoma kati ya 106 na 107. Nimeandika kwa rangi nyeupe pembeni mwake: "punguza 1.5".

Nimetoa nozeli zote tena. Lengo ni bar 118, yaani kilo 120, ambayo inafaa kichwa kipya na vichwa vya zamani kwa pamoja, hivyo geji isome 119.5. Karibu kila moja ilihitaji shimu za milimita 0.15 zaidi. Ya nne ilifika shinikizo lakini ukungu wake ulielemea upande mmoja; niliifungua, nikaisafisha pini kwa kijiti cha mti na dizeli, bila brashi ya chuma, ikanyooka. Zote zimeshikilia sekunde 10 zikiwa kavu nchani. Zinatofautiana kwa bar 2 tu.

Tarehe 12 Aprili

Gari limelala nje na mvua. Saa kumi na mbili asubuhi nimeliwasha mbele ya mwenyewe. Moshi mweupe kidogo kwa sekunde chache, kisha sailensa ya kawaida bila kugonga. Mama alizunguka gari mara mbili, akaweka mkono kwenye bomba la moshi, akauliza kama anaweza kwenda Mikumi leo. Nimemwambia aende, na akirudi apite nilisikilize tena.

Tarehe 20 Aprili

Mkono wa kipimo umeanza kuwa mzito. Oringi ya pistoni ndogo imevimba. Ni ya mpira usioelewana na dizeli. Ile ya asili ya jeki iliundiwa mafuta ya haidroliki, na haidroliki siwezi kuitumia hapa kwa kuwa ni nzito mno, inaharibu sura ya ukungu. Nimeweka oringi ya mpira wa naitraili, na nitaitazama kila mwezi. Dizeli ya kipimo inapita kwenye filta ya gari kabla ya kumiminwa.

Leo wameleta gari lenye injini ya 1KD wakisikia nina mashine. Nimewarudisha. Mfumo wake ni wa komonreli, nozeli zake hufunguliwa kwa umeme, na shinikizo lake huzidi bar 1,000. Fremu yangu, bomba langu na mikono yangu havihusiki na kazi hiyo. Jioni ikaja nozeli moja ya pawatila, imefungwa ndani ya soksi. Mfuko wa saruji bado uko chini ya meza, nimeufunika kwa nailoni usigande, na kesho asubuhi geji itapimwa kwanza.